KILO TANO ZA MWILI
Somo kwa wamama juu ya kujitayarisha kwa safari ndefu ya kinga

Kama unajua kusoma, soma somo hili kwa sauti, ili mwenzako aliyeketi karibu nawe kwenye benchi asikie pia. Ukirudi nyumbani, msomee bwana yako na vijana wako wakubwa.

Leo hatusemi juu ya uji, wala juu ya kupima kilo za watoto. Leo tunasema juu ya kinga, ile wengine wanaita velo na wengine baisikeli. Katika vitabu vya afya neno kinga maana yake ni kujilinda na ugonjwa. Hapa kwetu kinga ni chuma chenye magurudumu mawili. Somo la leo linataka kuziunganisha hizo mbili: mtu anayesafiri kwa kinga awe na kinga.

1. KWA NINI TUNAFUNDISHA SOMO HILI

Kisangani ni mji wa mito, na tangu zamani mizigo mikubwa ilifika hapa kwa meli. Lakini wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, meli za Kinshasa zilikatika, magari yakawa machache, na barabara nyingi zikamezwa na pori. Wakati ule kinga ndiyo ilikuwa lori yetu. Ndani ya mji vijana wa toleka walibeba watu nyuma ya kinga zao. Toleka ni neno la Kilingala, maana yake "tupite". Nje ya mji wanaume walisukuma chumvi, sabuni na nguo kwenda vijijini, wakarudi na mchele, karanga na mafuta ya mawese.

Leo pikipiki imechukua kazi nyingi ya toleka mjini. Lakini kwa njia ndefu kinga bado inatembea. Inakwenda kaskazini kwa daraja la Tshopo kuelekea Banalia na Buta. Inakwenda mashariki kuelekea Bafwasende na Ituri. Inakwenda Lubutu. Inavuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, kisha inashika njia ya Ubundu au ya Opala. Si njia za mchezo. Toka hapa mpaka Banalia ni karibu kilomita 128. Mpaka Bafwasende ni zaidi ya 250. Mpaka Buta ni zaidi ya 300.

Sisi wa hospitali tunawaona watu wa njia hizo wakirudi. Mmoja ana homa ya siku nne. Mwingine midomo imekauka na mkojo wake ni kama chai nyeusi. Mwingine ana kidonda cha mguu kilichoanza kama mkwaruzo mdogo. Karibu wote wanasema neno moja: "Njia iliniumiza." Mara nyingi njia haina kosa. Kosa lilifanyika nyumbani, mbele ya kuanza safari, wakati kila kitu kilitayarishwa isipokuwa mwili.

Ndiyo sababu tunakuita wewe, mama. Wewe ndiwe unayefunga mzigo asubuhi ile.

2. MWILI UTAYARISHWE KWANZA

Mtu hawezi kutoka kitini na kusukuma kilo 80 siku ile ile kwa kilomita 40. Misuli, mgongo na moyo vinataka kuzoea polepole, kama mtoto anavyozoea uji mbele ya kula lituma. Kwa safari ya siku nyingi, aanze majuma matatu mbele.

Juma la kwanza: aendeshe kilomita 10 mara tatu, bila mzigo.
Juma la pili: aendeshe kilomita 20 mara tatu, na mzigo mdogo.
Juma la tatu: aende safari moja ya zaidi ya kilomita 30 na nusu ya mzigo. Kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka ni karibu kilomita 17. Kwenda na kurudi kunatosha.
Siku mbili za mwisho: apumzike, ale vizuri, alale mapema.

Safari hiyo ya majaribio inaonyesha mambo ambayo hayaonekani nyumbani. Kama kiti kinamchubua, atajua. Kama mikono inakufa ganzi, atajua. Kama goti linauma, mara nyingi kiti kiko chini mno. Kipimo ni hiki: akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe karibu kunyooka. Kama goti limekunjwa sana, apandishe kiti.

Mbele ya kuondoka, afike hospitali au kituo cha afya kwa mambo mawili.

La kwanza ni sindano ya tetanosi (pepopunda). Wewe mama unapata sindano hii unapokuja na mimba. Lakini bwana yako je? Wanaume wengi hawajapata hata moja tangu utoto. Mdudu wa tetanosi anakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na mtu wa kinga anaanguka katika udongo. Tena sindano moja haitoshi: ya pili inafuata baada ya majuma manne. Kwa hiyo asingoje siku ya kuondoka.

La pili ni ngiri. Kama akiinua mzigo uvimbe unatokea kinenani, na akilala unarudi ndani, amwonyeshe munganga. Asione haya. Siku moja utumbo unaweza kukwama katika uvimbe huo usirudi tena, na hapo ni operesheni ya haraka. Mbali porini, operesheni iko wapi?

3. KILO TANO ZA MWILI

Hili ndilo neno kubwa la somo letu. Shika vizuri.

Watu wanapofunga mzigo, wanafunga kwanza vya kuuza. Wanaweka bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha wanaangalia kama nafasi inabaki kwa maji. Haibaki. Basi mtu anaondoka na chupa moja ndogo, na kwa mengine anasema, "Nitapata njiani."

Sisi tunasema hivi: geuza desturi. Kilo tano za kwanza ni za mwili. Zifungwe mbele ya bidoni ya kwanza. Baada ya hapo, mzigo wa soko ufuate.

Kilo tano hizo ni nini?

Maji, kilo tatu. Chupa mbili za lita moja na nusu, zilizojazwa maji yaliyochemshwa. Akipata mahali pa kuchemsha, anazijaza tena.

Chakula, kilo moja. Karanga zilizokaangwa, chikwange, ndizi za kuchoma. Hiki si chakula cha safari nzima. Ni cha kumvusha kati ya kijiji na kijiji, nguvu zisimwishie porini.

Chandarua, nusu kilo. Ile mnaita mustikere, yenye dawa, pamoja na kamba nne za kuifungia.

Kifurushi cha dawa, nusu kilo. Ndani yake: kipande cha sabuni, kitambaa safi kilichofuliwa na kukaushwa juani, dawa ya kusafisha maji kama inapatikana, na pakiti za maji ya chumvi na sukari.

Pakiti hizo unaweza kuzitengeneza mwenyewe. Katika kila karatasi safi ya plastiki tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawa na ukingo, visiwe na kilima. Funga. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi, wala si ya kikombe. Chumvi ikizidi inadhuru. Mfungie pakiti nne au tano. Ni dawa ile ile tuliyokufundisha kwa mtoto anayeharisha, na mtu mzima aliyetoka jasho siku nzima inamsaidia vilevile.

Tulipofundisha mambo haya siku ya kupima watoto, mama mmoja aliinua mkono.

"Mama muuguzi, bwana yangu atakataa. Kilo tano ni franga."

"Ni kweli, mama. Ni kama lita tano na nusu za mafuta ya mawese. Sasa niambie: akilala siku tatu kijijini na homa, atakula nini?"

"Atauza mafuta."

"Kwa bei ya nani?"

Mama yule akacheka kidogo. "Kwa bei ya mwenye kijiji."

"Na dawa atanunua na nini?"

"Na mafuta tena."

"Basi, hesabu unaijua kuliko mimi."

Nenda ufanye hesabu hiyo na bwana yako, lakini usiifanye asubuhi ya kuondoka. Ifanye jioni, wakati ameshiba.

4. KINGA YENYEWE

Hapa hatutasema mengi, kwa sababu mafundi wa kinga wako na wanajua kazi yao. Lakini angalia mambo haya usiku wa mwisho:

Freni zishike, mbele na nyuma. Kinga yenye mzigo ikishuka mlima bila freni haina bwana.
Mipira ya nje isiwe na nyufa. Awe na pompi, gundi na vipande vya mpira vya kuzibia.
Cheni isafishwe na kupakwa mafuta ya mashine. Mafuta ya mawese yanaganda na kushika mchanga.
Mzigo ulingane kulia na kushoto, tena uwe chini. Mzigo wa juu unaangusha.
Mtu anayesukuma afunge fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, ili mgongo wake usimame wima. Anayesukuma ameinama atarudi na kiuno.

Kama anaweza kuchagua miezi, Januari na Februari mvua inapungua kidogo upande wetu. Udongo ukiwa mkavu, kazi inakuwa nusu.

5. AKIWA NJIANI

Maji. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi. Jasho linatoka lakini halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo mtu anaendelea kutoka jasho, na anaweza kupoteza lita moja kwa saa akifanya kazi ngumu. Asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Kipimo chake ni mkojo: ukiwa mweupe au manjano kidogo, ni vizuri, ukiwa mweusi kama chai, au ukikosa kutoka tangu asubuhi, asimame, akae kivulini, anywe pakiti moja.

Maji ya kijito cha pori yanaonekana safi kabisa, hata unaona mchanga chini. Lakini wadudu wa kuharisha na wa homa ya matumbo hawaonekani kwa macho. Ayachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja, au atie dawa ya maji na kungoja nusu saa.

Mwendo. Siku ya kwanza asipite kilomita 30, hata kama anajisikia na nguvu. Wengi wanajiua siku ya kwanza, kisha wanalipa siku ya tatu. Aanze alfajiri, apumzike kivulini jua likiwa kichwani, aendelee alasiri, afike kijijini mbele ya giza.

Chakula. Ale kidogo kila saa mbili. Anayengoja mpaka jioni ataona kizunguzungu na kutetemeka, na ndipo watu wanapoanguka. Lotoko haiondoi uchovu. Inaficha uchovu, na inatoa maji mwilini.

Usafi. Jioni aoge kwa sabuni, hasa mapajani na matakoni, ajikaushe, avae nguo kavu. Ngozi iliyochubuka ikikaa katika jasho na uchafu inatoa majipu, na mtu mwenye jipu matakoni hawezi kukalia kinga.

Vidonda. Kila mkwaruzo uoshwe siku ile ile kwa maji safi na sabuni, ufunikwe na kitambaa safi. Asitie majivu, wala petroli, wala udongo.

Usiku. Alale ndani ya chandarua, ncha zimeingizwa chini ya mkeka. Hata usiku mmoja bila chandarua unatosha kwa mbu wa malaria.

Homa. Akipata homa, au kichwa na viungo vikiuma pamoja na baridi, asimeze nusu ya dawa aliyobakiza mwaka jana. Atafute kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu ya kidole, apewe dawa ya malaria na kuimaliza yote. Mbele ya safari aulize vituo vya afya viko wapi katika njia yake, na aviandike.

Nyoka na wanyama. Akiumwa na nyoka, asikate, asinyonye, asifunge kwa kamba ya kukaza. Atulie, mguu usitikisike, abebwe hospitali upesi. Na mnyama aliyekutwa amekufa porini asimguse wala asimbebe kuwa nyama. Katika mkoa wetu ugonjwa wa mpox uko, na wanyama wa pori wanaweza kuuleta kwa watu.

6. KAMA NI WEWE UNAYEPANDA, MAMA

Mpaka hapa tumesema juu ya bwana yako. Lakini wamama wengi wanafika kwetu nyuma ya kinga, na mtoto juu. Kwa hiyo sikiliza na haya.

Mguu wa mtoto. Mtoto wa miaka miwili mpaka sita anakaa nyuma, miguu inaning'inia. Anasinzia. Mguu unaingia katika vyuma vyembamba vya gurudumu, ile mnaita rayo, na gurudumu linazunguka bado. Kisigino kinakatwa kama kwa kisu. Kuna watoto waliokaa hapa wadi majuma mengi kwa ajili ya jambo hili, nalo linazuilika kwa kazi ya saa moja. Chukua bidoni ya zamani ya plastiki, kata vipande viwili vipana, vifunge kwa waya kila upande wa gurudumu la nyuma, ili mguu usipate mahali pa kuingia. Kama huna bidoni, mianzi iliyopasuliwa na kusukwa inafaa. Tena weka kijiti cha kukanyagia miguu kila upande.

Mguu ukishikwa, usivute. Simamisha kinga, mshike mtoto, legeza gurudumu au kata rayo. Osha kwa maji safi, funika, mlete hospitali hata kama ngozi inaonekana imepasuka kidogo tu. Mfupa unaweza kuwa umevunjika, na ngozi inayoonekana nzima leo inaweza kufa baada ya siku chache. Lete na karatasi yake ya sindano.

Mtoto wa mgongoni. Mfunge kwa kikwembe kilichokaza, kichwa kisitupwe nyuma, pua isifunikwe. Angalia ncha za kikwembe chako: zikining'inia zinashikwa na gurudumu, na mama na mtoto wanaanguka pamoja. Kila saa moja shuka, mfungue, mnyonyeshe. Mtoto aliye chini ya miezi sita hataki maji ya njiani. Maziwa yako yanatosha hata wakati wa jua. Wewe ndiwe unywe zaidi.

Mama mwenye mimba. Usipange safari ya mbali ya kinga katika mwezi wa nane na wa tisa. Kama unakaa mbali na hospitali, na hasa kama ulizaa kwa operesheni, au una mapacha, au ulitoka damu nyingi zamani, njoo mapema, majuma mawili au matatu mbele ya siku, ukae kwa ndugu karibu na hospitali. Njoo na mtu wa kukusaidia, kikwembe safi, karatasi yako na chakula. Hiyo ndiyo safari yako ndefu, na kilo tano za mwili zinakuhusu nawe.

Lakini usingoje siku wala majuma kama unaona moja ya mambo haya:
damu inatoka;
kichwa kinauma sana na macho yanaona giza;
uso na mikono imevimba;
mwili unashtuka-shtuka kama kifafa;
tumbo linauma bila kuachilia;
maji yamepasuka;
homa;
mtoto hachezi tumboni.

Njoo saa ile ile, mchana au usiku. Mama anayetoka damu nyingi, au aliyezimia, asikalishwe nyuma ya kinga, kwa maana ataanguka. Alale upande wa kushoto juu ya tipoyi au kitanda cha miti, watu wambebe, na kinga itangulie kutuambia.

7. WANAOBAKI NYUMBANI

Mtu akiondoka kwa majuma mawili, nyumba inabaki na mama na watoto. Safari haijatayarishwa kama nyumba haijatayarishwa. Mbele ya kuondoka, kaeni wawili mpatane mambo manne.

Njia: anapita wapi, analala kijiji gani, kwa nani.
Siku: anatazamiwa kurudi lini, na akichelewa siku ngapi ndipo uanze kuuliza.
Franga: kiasi gani kinabaki nyumbani kwa ajili ya ugonjwa. Kisiguswe kwa nguo wala kwa matanga.
Ruhusa: mtoto akiugua, ni nani anayesema "mpeleke hospitali". Neno hili lisemwe mbele ya mashahidi, wawe shemeji, baba mkwe au jirani: "Nikiwa sipo, mama wa watoto ataamua."

Neno la ruhusa tunalisisitiza kwa sababu ya mama mmoja aliyetufikia usiku. Mtoto wake alikuwa na homa siku tatu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, hana damu. Tulimwuliza, "Mama, mbona umechelewa?" Akasema, "Baba yake yuko njia ya Banalia na kinga. Ndugu zake walisema tumngoje, ndiye mwenye mtoto." Alikuwa ameketi siku tatu mlangoni, akiangalia barabara. Mtoto alitiwa damu usiku ule akapona. Baba alirudi baada ya siku tano, akaja wadi na vumbi lake. Akatuambia, "Ningekuwa nyumbani ningemleta siku ya kwanza." Tukaamini. Lakini hakuwa amesema hivyo kwa mtu ye yote mbele ya kuondoka.

Malaria ya mtoto haingoji kinga irudi. Mtoto mwenye homa aletwe mbele ya siku moja kupita. Akitetemeka, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa haraka, au viganja vikiwa vyeupe, aletwe saa ile ile.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kilo tano za mwili ni vitu gani? Vihesabu kwa vidole.
2. Bwana yako amepata sindano ya tetanosi? Mwulize leo jioni.
3. Sukari vijiko vingapi, na chumvi kiasi gani, kwa lita moja ya maji?
4. Mkojo mweusi kama chai unasema nini?
5. Gurudumu la nyuma la kinga yenu limefunikwa? Kama halijafunikwa, bidoni ya zamani iko wapi?
6. Bwana yako akiwa safarini na mtoto akapata homa usiku wa leo, ni nani ataamua? Kama unasita kujibu, hapo ndipo pa kuanza.

Mama, kinga ikiharibika njiani, fundi anapatikana kijiji cha mbele. Mwili ukiharibika, fundi ni mbali. Ufungeni mzigo wa mwili kwanza, mzigo wa soko baadaye, na neno la ruhusa libaki nyumbani. Kisha mwambie bwana yako: "Twala, tunakungoja."

Siku ya kupima watoto ijayo, njoo utuambie kama hesabu ya kilo tano ilikubaliwa.